Blogu ya kumwonyesha mwajiri: tunachagua jukwaa au tunachagua jina?



Juzi binti wa dada yangu alinijia na kompyuta yake kwapani. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza: "Mjomba, nataka kufungua blogu ya kuweka tafsiri zangu na makala zangu, ili nikiomba kazi niweke kiungo kwenye sivii. Nifungue wapi ili mwajiri akiiona aone mtu wa kazi? Blogger wanasema imepitwa na wakati. WordPress? Medium? Au Substack kama wenzangu?" Nikamwambia asubiri nimalize chai. Kusema kweli nilikuwa najipa muda, maana swali lile lilinigusa mahali ambapo yeye hapajui.

Nieleze. Mwaka 2025 ulikuwa mbaya kwa watu wa eneo hili wanaokula kwa lugha. Machi 15 wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo kwa mpigo mmoja, na Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza 1962, ikakumbwa pamoja na wenzake. Julai 1 USAID ikafikia mwisho wake rasmi. Nyuma ya mashirika makubwa kama hayo kuna wakandarasi, na nyuma ya wakandarasi tupo sisi, watafsiri na wakalimani na walimu wa muda, ambao hakuna aliyetuhesabu. Kibarua changu nacho kikaota nyasi.

Nikaomba kazi kwa kampuni moja ya tafsiri upande wa pili wa mto, Virginia. Wakajibu kwa adabu kabisa: tutumie viungo vitatu vya maandishi yako ya Kiswahili, yaliyo hadharani, kwa jina lako. Vitatu tu, jamani! Mimi niliyeandika karibu kila wiki kuanzia 2005 hadi 2012, uhakiki wa vitabu, mabishano ya sarufi, tafsiri za hadithi, sikuwa na hata kimoja. Nusu niliyaandika kwa jina la kupanga, lile mnalolijua wenyewe. Nusu nyingine yalikuwa kwenye blogu ya bure ya kampuni ambayo siku moja ilifunga duka. Walituma baruapepe ya onyo, nami nilikuwa nimeshaacha kuifungua ile anuani. Miaka saba ikaenda na maji. Kazi akapewa mtu mwingine, na simlaumu mtu.

Kwa hiyo ninachokiandika hapa ni uhakiki wa namna tunavyoandika mtandaoni sisi Waswahili wa ughaibuni, nikianza na mimi mwenyewe.

Tuanze na majukwaa, maana hilo ni jepesi. Blogger ilianza 1999, Google wakainunua 2003, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya blogu zetu za mwanzo kwa sababu mbili zisizo na siri: ilikuwa bure, na mtu aliweza kuifungua kwa dakika tano kwenye kafe ya intaneti. WordPress ilitoka 2003 kama programu huria, na mwaka 2005 ikaja WordPress.com kwa wale wasiotaka kuhangaika na seva. Medium ilizaliwa 2012, na mmoja wa waasisi wake, Evan Williams, ndiye huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha Blogger. Substack ni ya 2017. Sasa hesabu na makaburi: GeoCities ilizimwa Marekani Oktoba 2009, Vox Septemba 2010, Posterous Aprili 2013. Na ile Typepad, ambayo miaka ya 2000 ilihesabiwa ya watu wa maana kwa kuwa ilikuwa ya kulipia, ilizimwa Septemba 30, 2025. Aliyeichagua kwa ajili ya heshima amebaki na nini? Wakati huo huo Blogspot, iliyochekwa kuwa ya wabeba boksi, imewazika kadhaa.

Ndiyo maana nasema anayechagua jukwaa kwa hadhi anachagua fasheni ya suruali. Sisemi zote ni sawa. Medium, mwandishi akiingia kwenye mpango wao wa malipo, msomaji asiye mwanachama anagonga ukuta, na mwajiri mwenye sivii 80 mezani hatajiandikisha ili akusome wewe. Substack mara nyingi inamkaribisha mgeni kwa sanduku la kumwomba anuani yake kabla hajaona hata sentensi. Kwetu mgeni huambiwa karibu ukae, haombwi kitambulisho mlangoni. Blogger ya zamani nayo ilikuwa na ule mstari wa juu wenye kitufe cha kukupeleka blogu nyingine yoyote: mwajiri anabofya, anatua kwenye mapishi ya mtu asiyemjua, hajarudi tena. Hayo ni mambo ya kuangalia, lakini ni mambo madogo.

Hebu tuwatazame wenzetu ambao uandishi wa blogu uliwafungulia milango. Ndesanjo Macha, akiwa hapa hapa Marekani, aliandika Jikomboe kwa Kiswahili wakati ambapo wengi hatukujua hata tuiite nini ile kitu. Wengine walisema blogu, wengine gazeti tando. Alivuta watu wengine wengi waanze, kisha akawa mhariri wa Global Voices kwa Afrika kusini mwa Sahara. Muhidin Issa Michuzi alifunguliwa blogu yake Helsinki, Septemba 2005, kwa msaada wa huyo huyo Ndesanjo, na kwa miaka mingi anuani yake iliishia na blogspot. Mtu wa ubunifu wa kurasa angeshika kichwa: picha juu ya picha, matangazo pande zote, harusi karibu na msiba. Lakini kila Mtanzania mwenye kompyuta alianza siku yake pale, na Michuzi mwenyewe baadaye alifanya kazi kwenye timu ya habari ya Ikulu wakati wa Rais Kikwete. Ory Okolloh wa Kenya aliandika Kenyan Pundit. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka, aliomba kwenye blogu yake mafundi wa kompyuta wamsaidie kutengeneza ramani ya matukio ya ghasia, na hapo ndipo Ushahidi ilipoanzia. Miaka mitatu baadaye alikuwa Google akishughulikia sera za Afrika. Na Profesa Joseph Mbele wa chuo cha St. Olaf, Minnesota, mtaalamu wa fasihi simulizi, aliandika Hapa Kwetu kwenye Blogspot, kwa Kiswahili, kuhusu vitabu, elimu na hulka zetu.

Mnaona wanachofanana? Majukwaa yao hayakufanana yote, wala sura za kurasa zao. Kila mmoja aliandika jambo lake moja, kwa muda mrefu, na msomaji alijua ni nani anayeandika. Wa kwanza alikuwa mtu wa lugha na harakati, wa pili mpiga picha, wa tatu mwanasheria, wa nne profesa. Ukifungua ukurasa wowote wa yeyote kati yao, kazi yake unaiona bila kuambiwa.

Sasa turudi kwetu, hapa DMV. Tulikuwa na Vijimambo, tulikuwa na Swahilivilla, na mimi ni mmoja wa waliozisoma kwa uaminifu. Tumesoma humo taarifa za misiba, michango ya kusafirisha mwili, mikutano ya jumuiya, Idi na Krismasi, balozi kaja, balozi kaondoka. Ile ni kazi ya baraza, na baraza lazima liwepo. Mtu akifiwa Hyattsville saa nne usiku hahitaji insha. Kasoro ninayoiona ilitokea pale sisi wengine, tuliotaka kuonekana wasomi, tulipoiga sura ya baraza kwenye vyumba vyetu vya kazi. Tulibandika habari za magazeti ya nyumbani bila kusema zimetoka wapi. Tukaweka saa inayozunguka, kihesabu wageni, bendera zinazopepea, na muziki unaoanza wenyewe (wa Marijani ni mtamu, lakini si saa tatu asubuhi ofisini kwa mtu). Katikati ya hayo yote mtu kaweka tafsiri yake nzuri ya kurasa kumi. Nani ataiona?

Kubandika bila kutaja chanzo ndiko kulikotuumiza zaidi. Mtafsiri au mwandishi anaomba kazi kwa kuaminiwa. Mwajiri akikuta makala tano, akizitafuta na kukuta nne ni za gazeti fulani la Dar neno kwa neno, ya tano iliyo yako kweli naye hataiamini. Miaka ile tuliita kuchangia habari. Wenyewe wana jina jingine.

Oxon Hill tuna maktaba ya kaunti, pale Oxon Hill Road, nami nilipokosa kazi ikawa ndiyo ofisi yangu. Ndani yake kuna mkusanyo uliopewa jina la Sojourner Truth, wa vitabu na nyaraka za historia ya Wamarekani weusi. Kitu cha kwanza unachokiona kwenye kila kijitabu, hata kile kilichochakaa: nani kaandika, mwaka gani, kimechapwa wapi. Nikawa natazama nikikumbuka blogu yangu iliyokufa. Haikuwa na jina la mwandishi, tarehe niliziondoa ili isionekane ya zamani, na ukurasa wa kunieleza mimi ni nani ulisema tu "mpenda Kiswahili". Mpenda! Mkutubi angeniweka rafu gani?

Kuna jambo jingine nililijua muda mrefu lakini sikuwahi kulitafakari. Frederick Douglass, ambaye nyumba yake ya Cedar Hill ipo Anacostia, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa kwetu, alianzisha gazeti lake 1847 kwa jina la North Star. Mwaka 1851 aliliunganisha na gazeti jingine, na likaitwa kwa jina lake mwenyewe, Frederick Douglass' Paper. Mtu aliyezaliwa mtumwa katika jimbo hili hili la Maryland, aliyelazimika kubadilisha jina alipotoroka, aliliweka jina lake jipya juu ya ukurasa wa kwanza. Mimi niliyekuja kwa ndege na viza halali nilijificha nyuma ya jina la utani. Nilikuwa naogopa nini hasa?

Najua jibu mtakalonipa: majina ya kupanga ni mila yetu. Ni kweli. Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza, Akilimali alikuwa Snow-White, na hakuna aliyewaona waoga. Lakini wale wasomaji wa ushairi magazetini waliwajua. Jina la kupanga lilikuwa kilemba juu ya kichwa kinachojulikana. Sisi tulivaa kilemba tukaficha na uso. Wengine walikuwa na sababu nzito, na hao siwagusi: aliyeandika kuhusu ufisadi huku wazazi wake wako nyumbani, au aliyekuwa hana makaratasi. Mwenzangu na mie, uliyekuwa unabishania ngeli ya neno "wakati", ulikuwa unajificha nani?

Wapo waliodhani Kiswahili chenyewe ni pazia. Mwaka 2005 ulikuwa na haki ya kuamini kwamba bosi wako hatasoma ulichoandika. Mwaka 2009 Google waliingiza Kiswahili kwenye mashine yao ya tafsiri, na pazia likapasuka. Leo mtu wa idara ya utumishi anabofya mara moja. Tena anasoma vibaya! Fikiria umeandika kabla ya mechi ya watani kwamba "leo tunawaua", au kwamba fulani "atanyolewa bila maji". Mashine haijui utani wa Simba na Yanga. Na katika eneo hili, ambapo kazi nyingi zinataka kibali cha usalama, hilo si la kuchekea: tangu Mei 2016 kuna agizo linaloruhusu wachunguzi wa vibali hivyo kupitia yale uliyoyaweka hadharani kwenye mitandao ya kijamii. Vijana wanaokuja kusoma nao, tangu Juni 2025, waombaji wa viza za wanafunzi na za mabadilishano wametakiwa kuziacha kurasa zao wazi zikaguliwe. Kwa upande wa mwajiri wa kawaida Maryland ina heshima yake: mwaka 2012 ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kumkataza mwajiri kumdai mfanyakazi au mwombaji nywila za kurasa zake. Nywila anakatazwa. Yaliyo wazi ni yake kuyasoma.

Wengine wamelitatua hilo kwa kufuta Kiswahili chote. Nimeziona tovuti za ndugu zetu, safi kama hospitali, Kiingereza mwanzo mwisho, picha ya suti, na mahali fulani chini kabisa mstari unaosema anajua pia Kiswahili. Hili nalipinga kwa nguvu zote. Kwa Kiingereza unashindana na watu milioni kadhaa waliozaliwa nacho. Kiswahili chako ndiyo bidhaa, halafu unaificha stoo? Mwajiri anayetafuta mtafsiri au mwalimu anataka aone aya ya Kiswahili iliyonyooka, tena atampa mtu mwingine anayekijua aikague. Weka Kiswahili mbele, kamili, na juu yake muhtasari wa Kiingereza wa mistari minne unaosema hii ni nini, umeifanya lini, kwa ajili ya nani. Anayetaka kupima atapima.

Na hofu ya jina letu? Nayo ipo, tusidanganyane. Utafiti wa Bertrand na Mullainathan uliochapishwa 2004 ulituma sivii karibu 5,000 za kubuni Boston na Chicago. Zenye majina yanayosikika ya kizungu zilipigiwa simu zaidi kwa kiasi cha asilimia 50 kuliko zenye majina yanayosikika ya weusi, sifa zikiwa zile zile. Binti wa dada yangu anaujua utafiti huo kuliko mimi, na alinibana: "Sasa mjomba, unaniambia niliweke jina langu kubwa juu kabisa, wakati jina lenyewe ndilo linaloniangusha?" Nilikuna kichwa. Nikamjibu kwamba jina ameshaliweka kwenye sivii, mlango huo ameshaupita au ameshafungiwa. Anayebofya kiungo ni yule ambaye hakulitupa. Huyo amekuja kuona kazi, asikute tena mtu anayejificha. Hakuridhika sana, na mimi pia sikuridhika sana, lakini tukaendelea.

Tulichofanya jioni ile ni hiki. Tulilipia kikoa, yaani lile jina la anuani, kwa jina lake la kwanza na la ukoo, kwa bei ambayo kwa mwaka ni chini ya nauli ya teksi kwenda uwanja wa ndege wa Dulles. Hapo ndipo pa kuweka hela. Kikoa ni chako, jukwaa ni la kupanga. Mwenye nyumba akikufukuza au akifa unahamisha mizigo na anuani inabaki ile ile kwenye sivii zote ulizokwisha tuma. Blogger inakuruhusu kuunganisha kikoa chako bila malipo mengine, WordPress.com inataka ulipie mpango wao, na ukiweka programu ya WordPress kwenye seva ya kukodi unapata uhuru wote pamoja na kazi ya kuilinda na wadukuzi. Alitaka WordPress kwa sababu ya mpangilio. Sikubisha, ila nilimwambia kila mwisho wa mwezi apakue nakala nzima aiweke nyumbani, na zile nzuri kabisa azichape kwenye karatasi. Alinicheka kidogo hapo. Anicheke tu.

Tukaondoa mapambo. Tukaweka makala tatu na si thelathini: tafsiri moja ya maelezo ya chanjo aliyoifanya kwa kujitolea kwenye zahanati, uhakiki mmoja wa riwaya, na maelezo mafupi ya namna alivyolitafutia Kiswahili neno moja gumu la bima na kwa nini aliyakataa maneno mengine mawili. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi, maana hapo mtu anaonekana anafikiri. LinkedIn ameiweka kama kibao cha barabarani chenye mshale. Siasa za nyumbani na mpira kazihamishia kwingine, kwa marafiki.

Alipoondoka nikabaki na ukurasa wangu mwenyewe, mtupu, wenye jina langu juu. Nina makala moja tu ya kuweka, hii mnayoisoma. Zile za zamani sina. Lakini najua baadhi yenu mlikuwa na tabia ya kuchapa mabishano yetu na kuyatia kwenye jalada. Mzee mmoja wa Silver Spring aliwahi kunionyesha lundo zima gereji kwake. Basi mwenye nakala ya kitu chochote nilichoandika kwa jina lile kati ya 2005 na 2012, hata kama imeliwa na panya pembeni, anipigie picha anitumie. Nitaichapa upya kwa jina langu, tarehe yake ikiwepo, na makosa yake yakiwemo, pamoja na lile la ngeli ambalo nilibisha miezi mitatu na kumbe sikuwa sahihi.

Naomba kuwasilisha.